Msiitulize bahari yenye dhoruba

Kiukweli hizi picha za bahari iliyochafuka wakati jua linazama nazipenda mno, ila kuna mtindo umezagaa unaniuma. Mtu yuko ufukweni, dhoruba inakuja, mawimbi yanapasuka kwenye miamba mpaka maji yanaruka juu, halafu anafunga filta nyeusi mbele ya lenzi ili mwanga upungue, anaacha shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, wazi sekunde 30, picha inatoka bahari imelala kama maziwa. Sasa dhoruba iko wapi hapo?

Mi naona maji lazima yabaki na umbo. Ukipiga kwa 1/1000 ya sekunde matone yanaganda hewani, inafaa sana wimbi likipasuka, lakini ninayoipenda zaidi ni kati ya robo na nusu sekunde, hapo povu linaacha mistari na unaona kabisa maji yanavutwa kuelekea wapi. Na bonyeza wakati maji yanarudi baharini, ndo mistari inakuwa mirefu.

Wengine wakiona wingu zito wanaondoka mapema, jamani subirini! Angalia chini kabisa upande jua linapozamia. Pakiwa na upenyo hata mwembamba, jua likifika pale mwanga unapita chini ya mawingu na kuyapiga tumboni, na kwa vile umepita kwenye hewa nyingi sana bluu imeshatawanyika njiani, kinachokufikia ni machungwa na wekundu. Inadumu dakika chache tu. Hata jua likishazama usifungashe vitu, mara nyingi mawingu ya juu yanawaka upya.

Shida ya picha kutoka na mbingu inayong'aa mno huku bahari ikiwa giza ni ya zamani. Mpiga picha Gustave Le Gray kule Ufaransa miaka ya 1850 alikuwa anaunganisha negativu mbili (zile picha za awali zenye giza na mwanga vilivyogeuzwa), moja ya mbingu moja ya bahari, na ile picha yake ya wimbi kubwa pale Sète, mji wa pwani, ya 1857, ukiiangalia leo bado wimbi ni wimbi. Kwa hiyo mtu akiunganisha picha mbili ili mbingu isiungue kwa mwanga hadi iwe nyeupe tupu mi sina ugomvi naye kabisa, ninachokataa ni kuipokonya bahari hasira yake. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, punguza eksposha (mwanga unaoingia kwenye kamera) kidogo kulinda mawingu, giza la miamba utalivuta baadaye kwenye kompyuta, na zile rangi usizipandishe mpaka zipige kelele maana mwanga wenyewe unatosha.

Beba vitambaa vingi, chumvi inaganda kwenye lenzi haraka kuliko unavyodhani. Kabla ya kushuka kwenye miamba simama mbali uyatazame mawimbi kama robo saa hivi, kwa sababu kubwa kuliko yote huwa linakuja baada ya madogo mengi, na usiipe bahari mgongo hata ukiwa unabadilisha betri. Ukisikia radi, kunja tripodi uondoke, hata kama mbingu ndo kwanza imeanza kuwaka.