Mtutu wa Pili wa M1 Garand

Mkusanyaji wa silaha za kale wa Marekani akipewa M1 Garand, bunduki ya askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, hana haraka ya kuuliza kama inalenga vizuri. Anavuta mkono wa kukokia nyuma, anasoma mwezi na mwaka uliogongwa ubavuni mwa mtutu, kisha anaulinganisha na namba ya mwili wa bunduki. Ikiwa mwili ulitoka kiwanda cha jeshi cha Springfield, Massachusetts, mwaka 1943 na mtutu nao ni wa 1943, hiyo ni halisi. Mtutu ukiwa wa 1952, bei inaporomoka. Kanuni hiyo ina mantiki yake, lakini inazidhulumu bunduki nyingi zilizofanya kazi iliyokusudiwa.

Tuangalie kwanza kwa nini mitutu ilibadilishwa. Risasi za .30-06, ndizo za Garand, za Vita Kuu ya Pili zilikuwa na fataki (kiwashio cha baruti kitakoni mwa risasi) zenye klorati ya potasiamu. Ikishalipuka, huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Katika mvua za visiwa vya Pasifiki, askari aliyechelewa kusafisha alikuta kutu. Na aliyekuwa mwangalifu hakupona pia, maana Garand imefungwa kwa nyuma. Ufito wa kusafishia lazima uingie kupitia mdomoni, na kila ukipita unausugua mdomo wa mtutu, mahali ambapo risasi inaagana na bunduki. Kwa hiyo usafi nao ulikuwa uchakavu.

Vita vilipokwisha, karakana za jeshi zilizikusanya bunduki hizo, zikazifungua, zikapima mitutu na kuikataa iliyolika. Vipuri vilivyofaa vilichanganywa na kufungwa kwenye mwili wowote uliokuwa mezani. Jeshi halikujali kipande kipi kilizaliwa na kipi. Kubadilishana vipuri ndiko kulikoifanya silaha ya kiwandani iwe na maana. Waingereza nao walikuwa na utaratibu wao kwa Lee-Enfield, bunduki waliyoibeba askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) hadi Burma: iliyorudi kiwandani kwa ukarabati kamili iligongwa herufi FTR (Factory Thorough Repair), mara nyingi pamoja na mwaka, wala hakuna aliyeficha.

Wanaotetea mtutu wa kwanza wana hoja yao, na hoja yenye nguvu zaidi inatoka kwenye Garand za mwanzo kabisa. Takriban 50,000 za kwanza zilinasa gesi ya baruti, inayoiwezesha bunduki kujipakia risasi, kwenye mdomo wa mtutu. Mwaka 1940 mfumo ukabadilishwa, gesi ikaanza kupita kwenye tundu dogo lililotobolewa katika mtutu, na karibu zote za zamani zikarudishwa kufungwa mitutu mipya. Iliyosalia na mtutu wake wa awali ni ushahidi wa hatua ya uhandisi isiyoonekana popote pengine. Hiyo inastahili kila dola inayoombwa.

Ila hoja inayofaa kwa bunduki hizo chache imetandazwa juu ya mamilioni, na hapo ndipo soko linapojikwaa. Likishalipa zaidi kwa tarehe zinazolingana, kuna mtu atakayezilinganisha. Ananunua bunduki iliyokarabatiwa, anafungua mtutu wa 1952 ambao fundi wa jeshi aliufunga kwa amri halali, anatafuta mtutu mwingine wa 1943, anaukaza, anabadilisha na kitako. Katika matangazo ya wauzaji kuna neno la adabu kwa kazi hiyo: bunduki "sahihi". Hawasemi "halisi", maana hilo lingekuwa uongo. Tazama matokeo yake: bunduki iliyokuwa na historia moja ya kweli, ya vita kisha karakana, sasa ina mwonekano ambao haikupata kuwa nao siku yoyote ya maisha yake, na inauzwa ghali zaidi. Alama za karakana, ambazo zingemweleza mtafiti ilipitia wapi, zimekwenda na kitako kilichotupwa. Na kila moja inayofanyiwa hivyo inaongeza shaka juu ya ile iliyobaki salama tangu kiwandani, ambayo mwenye nayo sasa hana njia rahisi ya kuithibitisha. Wapenda uhalisi wanalipia ughushi unaowaumiza wenyewe.

Kwingine soko lenyewe limekwisha kukubali. M1903, bunduki ya jeshi la Marekani iliyotangulia Garand, ikiwa ilifungwa mtutu wa kampuni ya Sedgley wakati wa vita kwa ajili ya Kikosi cha Wanamaji cha Marekani inatafutwa kwa sababu ya mtutu huo wa pili. M1917, bunduki ya Vita Kuu ya Kwanza, yenye mtutu wa kampuni ya Johnson Automatics wa Vita Kuu ya Pili inasomwa kama bunduki ya vita vikuu viwili. Sioni kwa nini Garand inyimwe heshima hiyo.

Mtutu mpya wa kiraia ni suala jingine. Shirika la CMP (Civilian Marksmanship Program, la mafunzo ya kulenga shabaha kwa raia), lililoundwa kwa sheria ya Bunge la Marekani mwaka 1996, huuza Garand zenye mitutu mipya kwa wanaotaka kulenga shabaha, na hazidai kuwa kitu kingine. Bunduki ya kawaida ikifanyiwa hivyo, hakuna msiba. Ikiwa ni adimu, mtutu wa zamani, hata uliooza kwa kutu, usiuzwe peke yake; ufungwe kwenye karatasi ya mafuta na uende na bunduki kwa kila mnunuzi, pamoja na maandishi yanayoeleza nani aliutoa na lini.