Asilimia 92 inayoficha watoro

Mwisho wa mwezi mwalimu mkuu akiulizwa kuhusu mahudhurio hujibu kwa namba moja: asilimia 92. Afisa elimu kata anaandika, anashukuru, anapanda pikipiki kuelekea shule inayofuata. Namba ni nzuri, na hapo ndipo utata unapoanzia.

Chukua darasa la wanafunzi 60 lililosoma siku 20. Mahudhurio kamili yangekuwa 1,200. Asilimia 8 iliyokosekana ni siku 96. Siku hizo zinaweza kuwa za watoto 48 waliokosa siku mbilimbili kwa mafua, msiba au mvua. Zinaweza pia kuwa za watoto wanane waliokosa siku 12 kila mmoja, yaani zaidi ya nusu ya mwezi. Asilimia ni ileile, lakini katika hali ya kwanza darasa halina shida, na katika hali ya pili lina watoto wanane ambao wakifika darasa la nne wataonekana hawajui kusoma, kisha lawama zitamrudia mwalimu aliyewafundisha darasa la pili.

Huku Nyanda za Juu Kusini za Tanzania tumezoea kupigia kelele utoro sugu: mtoto aliyepotea miezi miwili, mtendaji wa kijiji akaitwa, mgambo wakatumwa. Kwa maoni yangu tunafukuza nyoka mkia. Utoro sugu huwa umeanza zamani, nao ulianza kama utoro wa rejareja. Mwaka wetu wa masomo una siku 194. Huko Marekani mtoto aliyekosa asilimia 10 ya siku za masomo, kwa sababu yoyote ile, huhesabiwa kuwa yuko hatarini. Kwetu hiyo ni kama siku 19 kwa mwaka, sawa na siku moja tu kila baada ya wiki mbili. Nani atashtuka mtoto akikosa Alhamisi moja leo na nyingine wiki mbili zijazo? Hakuna, na ndiyo maana anafika 19 bila mtu kumuuliza.

Rejesta isomwe mara mbili, na kila usomaji una kazi yake. Kwanza soma mstari wa mtoto kutoka kushoto kwenda kulia, uhesabu siku alizokosa tangu Januari, siyo za mwezi huu pekee. Kisha soma safu ya siku kutoka juu kwenda chini. Safu ndiyo inayosema mengi. Kijiji chenye gulio, yaani soko la wiki, Jumatano, utaona Jumatano zimetoboka mwaka mzima. Safu ya Ijumaa ikitoboka, mara nyingi shule yenyewe imeifanya Ijumaa kuwa siku ya usafi na michezo, na watoto wameshalijua hilo. Ikitoboka Jumatatu, uliza kuhusu sare zilizofuliwa Jumapili ya mvua zikakosa kukauka. Rungwe, kwenye mvua nyingi, swali hilo halina utani.

Rejesta rasmi haina nafasi ya sababu, kwa hiyo mwalimu wa darasa anahitaji kaunta buku moja pembeni. Jina, tarehe, na herufi moja: M kwa mgonjwa, S kwa shamba, G kwa gulio, N kwa nguo, H kwa haijulikani. Kinachoharibu zoezi hili ni mwalimu kujaza M kila mahali, kwa kuwa "mgonjwa" ni jibu lisilo na ugomvi. Dawa yake ni kutomuuliza mtoto mbele ya wenzake. Muulize mwanafunzi anayekaa kitongoji kimoja naye, tena wakati wa mapumziko. Baada ya wiki nne tu, kaunta buku itaonyesha kama shule ina tatizo la shamba, la gulio au la nguo. Haya ni matatizo matatu tofauti, na hotuba moja kwenye mkutano wa wazazi haitayatibu yote.

Tatizo la shamba lenyewe halifanani kila mahali. Kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, jina lake ni kwelea kwelea. Mpunga ukianza kuweka maziwa, ndege hushuka kwa makundi, na kazi ya kuamia, yaani kuwafukuza, huangukia watoto kwa sababu haihitaji nguvu, inahitaji macho na sauti. Mtoto anapanda dungu, lile jukwaa la mlinzi wa shamba, kabla jua halijatoka, ana kamba iliyofungwa makopo na teo mkononi. Ndege hula sana tangu alfajiri hadi saa 4 hivi, hupumzika jua linapokuwa kali, kisha hurudi kuanzia saa 9 alasiri hadi giza linapoingia. Kwa hiyo ile zamu ya asubuhi ndiyo inayokula shule moja kwa moja. Zamu ya jioni inachosha, lakini haigongani na vipindi. Kazi yote huchukua kama mwezi mmoja kwa shamba moja, na wanaopanda kwa kupishana huifanya iwe miezi miwili, maana ndege humaliza la jirani wakahamia la kwako.

Ukilijua hilo, mazungumzo na mzazi hubadilika. Kumwambia "mlete mtoto shule, acha ndege wale mpunga" ni kupoteza muda, kwani ule mpunga ndio sare, dawa na chakula cha mwaka. Cha kuzungumza naye ni zamu ya asubuhi: watu wazima wa mashamba matano yanayopakana wapokezane, kila mmoja siku moja ya juma, mtoto abaki na ya jioni kama hapana budi. Wanaotumia mfereji mmoja tayari wana utaratibu wa kugawana maji, na utaratibu huohuo unaweza kubeba zamu ya ndege. Kikao cha kukubaliana kifanyike mpunga ukiwa bado majani. Ukishaiva hakuna mwenye muda wa kikao.

Kwingine ni haraka kueleza. Umalila na Uporoto ni viazi: watoto huokota nyuma ya jembe na kujaza viroba, hasa lori likiwa limeshafika barabarani na dalali ana haraka. Ilula ni nyanya, na nyanya haingoji Jumamosi. Maeneo ya chai ya Rungwe na Mufindi mtoto haendi kuchuma, bali anabaki kumlea mdogo wake mama akienda kuchuma. Hapo anayetafutwa ni mlezi wa mchana wa yule mdogo, basi.

Kuna utoro mwingine ambao shule inautengeneza yenyewe, na huu unaniudhi kuliko ule wa shamba. Mtoto ametembea kilomita nne kwenye tope, anafika saa 2:10, anakuta mwalimu wa zamu ana fimbo getini. Hesabu ya mtoto ni rahisi: aliyechelewa anachapwa leo, asiyefika hachapwi leo. Kesho yake akichelewa tena anageuzia kwenye miti nyuma ya shule, anakaa huko na begi lake, wenzake wawili wakimfuata, anarudi nyumbani saa za kawaida, na mama anaamini mwanawe ametoka shule. Kanuni za viboko za mwaka 2002 ziko wazi: mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, si zaidi ya viboko vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Fimbo ya getini kila asubuhi haimo humo. Anayechelewa aingie darasani, jina liandikwe, sababu iulizwe baadaye. Mchelewaji bado ni mwanafunzi aliyepo.

Kwenye sare hadithi ni ileile. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, sare, madaftari na chakula vilibaki mikononi mwa mzazi. Shule inayomrudisha mtoto kwa sababu sweta lake si la rangi ya shule, mwezi Juni, huko Makete au Njombe kwenye umande unaoganda, imeandika utoro kwa mkono wake. Ruhusu sweta lolote kuanzia Mei hadi Agosti. Rangi ya sweta haijawahi kumfundisha mtu kujumlisha.

Sasa uji. Iringa na Njombe zinalisha nchi mahindi na viazi, lakini utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta Iringa inaongoza kwa udumavu wa watoto chini ya miaka mitano, asilimia 56.9. Kwa hiyo tusidhani kwamba ghala likijaa tumbo la mtoto nalo limejaa. Mtoto aliyeondoka nyumbani bila kula hufika mara tatu kwa wiki, siyo tano.

Hesabu ya uji ni hii. Gramu 60 za unga wa dona kwa mtoto kwa siku. Wanafunzi 400 ni kilo 24 kwa siku. Kwa siku 194 ni kilo 4,656, chini ya kilo 12 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Debe moja la mahindi lina kilo kama 17. Ina maana mzazi akitoa debe moja kwa mwaka kwa kila mtoto, uji wa kila siku umepatikana, na ziada inalipa mashine, chumvi na mpishi. Karanga kidogo zilizosagwa zinafaa kuliko sukari, na huku hazitafutwi mbali.

Panapoharibika ni patatu. Mchango unakusanywa Januari, wakati kaya nyingi zenyewe zinanunua mahindi. Ukusanywe Julai na Agosti, debe likiwa bei ya chini. Pili, mahindi yanaingizwa stoo hayajakauka vizuri, kufika Novemba ni vumbi la dumuzi. Yakaushwe hadi punje ivunjike kwa mlio ukiiuma, yawekwe kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, mifuko ipangwe juu ya mbao na mbali na ukuta. La tatu ndilo baya kuliko yote: orodha ya waliochangia inabandikwa jikoni, na mtoto wa asiyechangia anaangalia wenzake wakinywa. Huyo hutamwona wiki ijayo. Mchango unakubaliwa na wazazi kwenye mkutano, na deni ni la mzazi. Kikombe ni cha mtoto.

Wasichana wa darasa la tano hadi la saba wakikosa siku tatu au nne kila mwezi kwa sababu ya hedhi, mistari yao kwenye rejesta itakuonyesha bila kumuuliza yeyote. Kiwango cha nchi ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, lakini tundu lisilo na mlango wa komeo, ndoo ya maji na mahali pa kutupa pedi halimsaidii kitu. Komeo ni kazi ya nusu saa kwa fundi wa kijijini.

Halafu kuna nyumba za bibi. Njombe na Iringa zina maambukizi ya VVU ya zaidi ya asilimia 11 kwa watu wazima, ya juu kabisa Tanzania Bara. Watoto wengi wanalelewa na bibi, na wapo wanaomeza dawa wenyewe na wana tarehe za kliniki. Mtoto huyu asiandikwe mtoro, wala herufi yake isielezwe darasani. Mwalimu mmoja tu, anayeaminiwa na bibi, azijue tarehe hizo na kuandika ruhusa. Akihitaji kuchota maji au kumshikia bibi jembe asubuhi, jirani wa kusaidia siku mbili kwa wiki hupatikana kupitia balozi wa nyumba kumi haraka kuliko kupitia barua ya shule.

Ufuatiliaji uende kwa siku, usingoje mwisho wa mwezi. Siku ya kwanza, mwenzake wa kitongoji anaulizwa. Siku ya pili, simu kwa mzazi, na ndiyo maana wakati wa kuandikisha zichukuliwe namba mbili, ya mzazi na ya jirani, kwani laini hubadilishwa kila msimu. Siku ya tatu mwalimu wa darasa anampigia mwenyekiti wa kitongoji. Juma likiisha, wajumbe wawili wa kamati ya shule wanakwenda nyumbani, mmoja wao mwanamke, na neno la kwanza liwe "Hodi, tumekuja kumjulia hali mwanetu." Barua aliyopewa mtoto mwingine kupeleka isihesabiwe kuwa hatua, maana hubaki kwenye begi. Mtendaji na sheria wawepo, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya 1978 inambana mzazi, lakini faini inayochukua pesa za daftari inamrudisha mtoto wiki moja tu.

Akirudi, mwalimu amkaribishe kwa dakika 15 za kazi. Mtoto wa darasa la pili aliyekosa juma la kutoa kwa kuchukua ataandika 52 toa 17 ni 45, kwa sababu anatoa ndogo kwenye kubwa popote aionapo. Mpe njiti 52, yaani mafungu matano ya kumikumi na njiti mbili, afungue fungu moja mwenyewe. Asipofunguliwa fungu hilo leo, wiki ijayo ataona darasa lote linazungumza lugha asiyoijua, naye atarudi kwenye dungu, ambako kazi anaiweza.

Kuna siku tano nyingine zinazopotea bila kelele: juma la kufungua shule. Wazazi wanajua kwamba juma hilo ni la kufyeka majani na kupiga deki, kwa hiyo wanamwachia mtoto mundu wa shamba lao badala ya mundu wa shule. Mwalimu mkuu atangaze kabla ya likizo ya Juni kwamba Jumatatu ya kufungua, kipindi cha kwanza, kila darasa lina hesabu, na uji utakuwepo. Majani yafyekwe Ijumaa, baada ya vipindi.