Jiko la moshi la umeme: lisiloharibika au lisilodanganya?

Anayetafuta jiko la moshi la umeme, yaani la kuivisha nyama na samaki kwa moshi, la kutumia nyumbani, Marekani au Kanada, huuliza swali moja: lipi la kuaminika? Majibu anayopewa hugongana, kwa sababu wanaomjibu hawazungumzii jambo moja. Mmoja ana maana ya jiko lisiloharibika. Mwingine ana maana ya jiko linaloshika joto ulilolipangia na kubaki hapo, ili kuku aive mpaka kwenye mfupa na samaki asiwalaze watoto hospitalini. Majiko mengi yanayouzwa yana sifa moja kati ya hizi mbili. Yenye zote mbili ni machache, na bei yake inauma.

Lenyewe ni kabati la chuma lenye mlango na rafu. Chini kuna koili, yaani waya wa umeme unaotoa joto, juu au kando ya koili kuna kitreyi cha vibanzi vya mti, na kati yake na nyama huwekwa sufuria ya maji. Koili inaunguza vibanzi polepole bila kuwasha moto, moshi unapanda, nyama inaiva. Tofauti kubwa kati ya jiko na jiko inatokana na kitu kimoja: nani anayeamua koili iwake lini na izime lini.

Kuna majiko ambayo hakuna anayeamua. Mfano unaojulikana zaidi ni Little Chief, kijisanduku cha alumini kutoka Hood River, Oregon, mji ulio kando ya mto Columbia ambao watu huvua salmoni. Kimekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 na umbo lake halijabadilika sana. Koili yake ni ya wati 250. Hakina kitufe wala kidhibiti joto: unachomeka kwenye soketi kinawaka, unachomoa kinazima. Wapo wenye nacho cha miaka mingi, na kitu pekee walichowahi kubadilisha ni koili, kazi isiyohitaji fundi. Kwa maana ya kwanza ya kuaminika, sijui kama kuna la kukishinda.

Kwa maana ya pili, kinaanguka. Hali ya hewa ikiwa nzuri joto lake hufika nyuzi 74 hivi za Selsiasi (165 za Farenhaiti). Siku ya baridi na upepo halifiki hapo, ndiyo maana wazoefu hukivisha lile boksi la karatasi ngumu kilimonunuliwa. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri jiko la moshi la kupikia nyama libaki kati ya nyuzi 107 na 149 (225 hadi 300 za Farenhaiti), kwa sababu nyama isipashwe muda mrefu kati ya nyuzi 4 na 60, ambapo bakteria huzaana kwa kasi. Kuku mbichi akiwekwa kwenye kijisanduku cha wati 250 mwezi Novemba, atakaa humo saa nyingi akiwa vuguvugu. Harufu itakuwa nzuri, rangi itakuwa nzuri, na hatari itakuwa ndani.

Samaki ana kanuni yake, na hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wasifanye mzaha. Familia nyingi za Wakongo, Warundi na Watanzania walioko Amerika Kaskazini zinataka jiko hili kwa ajili ya samaki kwanza, nyama baadaye. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Oregon, Washington na Idaho, eneo ambalo kila mtaa una mtu wa kubanika salmoni, wanaelekeza kwamba sehemu nene ya samaki ifike nyuzi 66 na kubaki hapo angalau dakika 30. Kijisanduku kidogo mara nyingi hakifiki huko, kwa hiyo wanaokitumia vizuri humtia samaki moshi kwa saa chache kisha humalizia kwenye oveni. Njia hiyo ni salama na samaki hutoka mtamu. Tatizo ni wale wanaodhani kwamba samaki aliyekauka juu na kugeuka rangi ya dhahabu amemaliza, wanamfungia kwenye mfuko uliotolewa hewa yote, na kumwacha kabatini kama alivyozoea kukaa samaki mkavu wa ziwani. Yule wa ziwani alikaushwa mpaka akawa mgumu kama gome. Huyu bado ana maji mengi, na mfuko usio na hewa ndiyo mahali bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, hupenda. Mahali pake ni friji iliyo chini ya nyuzi 3, au friza.

Upande wa pili wa soko yamo makabati ya kidijitali. Masterbuilt ndiyo chapa inayoonekana zaidi kwenye maduka makubwa ya Marekani. Kabati lake la kawaida la inchi 30 lina koili ya wati 800 na hufika nyuzi 135 (275 za Farenhaiti). Kuta zina kizuia joto katikati, na kihisio ndani kinaiambia bodi ya umeme iwashe au izime koili. Unabonyeza 110, unakwenda zako. Kwa mama anayetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee na anataka kulala wakati bega la nguruwe au kuku wawili wanaiva uani, hili si anasa. Jiko la mkaa linataka mtu wa kulikalia.

Gharama ya umeme isimtishe mtu. Wati 800 zikiwaka mfululizo saa 8 bila kuzima hata mara moja ni uniti 6.4, na kwa bei ya wastani ya majumbani Marekani mwaka 2024, senti 16 au 17 kwa uniti, hiyo ni dola moja na kidogo. Kwa kweli koili huzima na kuwaka, kwa hiyo ni chini ya hapo.

Sasa ubaya wake. Jiko la kidijitali hukaa uani, kwenye mvuke, mafuta, chumvi na majira yote ya mwaka, huku likiwa na bodi ya elektroniki juu ya kichwa. Kinachokufa kwanza kinajulikana. Mojawapo ni vile vibanio vidogo vinavyounganisha waya na koili kwa nyuma: vinashika kutu, vinapata moto kupita kiasi, vinaungua, na mwenye jiko anadhani koili imekufa kumbe ni kibanio cha bei ya soda. Kuna kihisio kinachopakwa masizi mpaka kinasoma joto la uongo. Kuna raba ya mlango. Na kuna bodi yenyewe, ambayo kampuni ikiacha kuitengeneza, kabati zima linakuwa stoo ya panya.

Kuna pia hitilafu isiyo hitilafu. Jiko lililokaa nje majira yote ya baridi likichomekwa mwezi Aprili kwenye soketi ya nje yenye kikata umeme cha usalama, ile yenye vitufe viwili katikati, linaweza kukata umeme papo hapo. Mara nyingi ni unyevu: unga wa magnesia ulio ndani ya bomba la koili huvuta maji ya hewani, na umeme kidogo unavuja. Soketi imefanya kazi yake. Mtu asiikwepe kwa kuvuta waya hadi soketi isiyo na kinga. Alikaushe jiko kwanza au abadilishe koili. Na akilazimika kutumia waya wa nyongeza, uwe mfupi na mnene, wa matumizi ya nje. Ule mwembamba wa taa utapata moto njiani na koili itakosa nguvu.

Katikati ya pande hizi mbili kuna kundi ambalo mimi naliegemea: kabati lenye kuta nene na kidhibiti joto cha kuzungusha kwa mkono, kama cha pasi au oveni ya zamani. Hakina skrini. Joto lake linapanda na kushuka nyuzi kadhaa juu na chini ya uliyolipangia, jambo ambalo nyama haina habari nalo. Kidhibiti hicho kikifa, fundi wa majiko anaweza kupata kingine kinachofanana. Na umeme ukikatika ukarudi, jiko linaendelea pale lilipokuwa, wakati makabati mengi ya kidijitali hubaki yamezima mpaka mtu ayawashe tena. Ukiwa na pesa zaidi, Cookshack ya Ponca City, Oklahoma, hutengeneza makabati mazito ya chuma cha pua yanayotumiwa hata na migahawa. Hapo unalipia kuta na mlango unaofunga sawasawa. Bradley, yenye asili yake Kanada, ilichukua njia nyingine: visahani vya unga wa mti ulioshindiliwa, vinavyosukumwa kimoja baada ya kingine kila dakika 20, kwa hiyo moshi unakuwa wa kiasi kile kile bila mtu kuongeza vibanzi. Wazo ni zuri sana kwa samaki. Ila utanunua visahani hivyo maisha yako yote, na ukivikosa, huwezi kuokota mti wa tofaa uani ukatumia badala yake.

Wapo wasiotaka kusikia habari ya umeme kabisa, na hoja yao ni ya kweli zaidi kuliko wauzaji wanavyotaka ionekane. Kidari cha ng'ombe cha Texas, kile cheusi kwa nje na chenye mstari mwekundu chini kidogo ya uso wake, hakitoki kwenye kabati la umeme. Mstari ule unatokana na gesi za moto wa kuni, hasa oksidi ya naitrojeni, zinazoshikana na rangi ya nyama. Vibanzi vinavyoungua bila mwali havitoi gesi hiyo ya kutosha. Mstari hauna ladha, kwa hiyo huo si msiba. Msiba ni ganda, ule weusi wa nje. Ganda linahitaji hewa kavu inayopita, na kabati la umeme limefungwa na limejaa mvuke. Vivyo hivyo ngozi ya kuku: kwenye nyuzi 135 au chini yake hubaki kama mpira mpaka umpitishe oveni au kwenye moto mkali dakika chache. Anayeota kidari cha Texas anunue pipa la kuni, au jiko la peleti (vipande vidogo vya unga wa mti ulioshindiliwa) la aina aliyoianzisha Joe Traeger huko Oregon miaka ya 1980, akijua kwamba nalo linategemea umeme, feni na parafujo ya kusukuma peleti, na peleti zikilowa hufura na kuikwamisha.

Lakini kwenye afya, upande wa umeme una hoja ambayo wapenzi wa kuni huipita haraka. Mafuta yakidondokea kwenye mwali, moshi unaorudi juu una benzopireni, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2014 umeweka kikomo cha mikrogramu 2 kwa kilo kwa nyama na samaki wa moshi kwa jumla, kutoka 5 za awali. Kabati ambalo koili imefunikwa, vibanzi haviwaki na mafuta yanadondokea kwenye treyi hupunguza balaa hilo kwa kiasi kikubwa. Haliliondoi. Ukiona vibanzi vimeshika moto ndani, huo si moshi wa kujivunia.

Na neno umeme lisimdanganye mtu akaliweka jiko ndani au gereji. Vibanzi vinavyofuka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, kama mkaa unavyotoa. Kwa wanaoishi ghorofani, kanuni ya moto ya NFPA, shirika la Marekani la kujikinga na moto, ambayo majimbo na miji mingi imeichukua, hukataza majiko ya namna hii barazani au ndani ya mita 3 kutoka kwenye jengo, na msamaha wake ni kwa majiko madogo ya umeme ya mezani. Soma mkataba wa pango kabla ya kununua chochote.

Limebaki la kutuma nyumbani, maana kila kontena linalokwenda Dar es Salaam au Mombasa lina kitu cha jikoni. Jiko la Marekani ni la volti 120. Ukilichomeka kwenye volti 230 za Tanzania, au 240 za Kenya, koili ya wati 800 itavuta karibu wati 2,900 hadi 3,200 kwa muda mfupi kabla ya kuungua, pamoja na bodi. Inahitajika transfoma ya kushusha umeme ya wati 1,500 hivi, nzito na ghali, kwa jiko ambalo vipuri vyake haviuzwi Kariakoo. Aliyeamua kabisa atafute toleo la volti 220 hadi 240 tangu mwanzo, na liwe la kidhibiti cha kuzungusha, kwa sababu umeme wa kukatika na kurudi ndiyo adui wa bodi.

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, mimi ningetuma kipima joto cha kuchoma kwenye nyama, kile cha betri. Kinafanya kazi kwenye jiko la udongo la kubanikia, kwenye pipa la mkaa na kwenye kabati la maelfu ya dola. Hata hapa Marekani ndicho ningenunua kwanza kabla ya jiko lenyewe, nikakijaribu kwenye maji yenye barafu nyingi kuona kama kinasoma sifuri, kisha nikakitumia kulikagua jiko wiki ya kwanza, kabla muda wa kulirudisha dukani haujaisha.