Uzamili wa Biashara ya Kimataifa: Nani Asome, Nani Asubiri

Barua za kukubaliwa vyuo vya Uingereza zinapoanza kuingia, kuna familia zinazoitisha kikao cha fedha. Kijana ana shahada ya kwanza ya biashara au uchumi, kazi ya kueleweka hana, na mkononi ameshika barua ya kusoma uzamili wa biashara ya kimataifa kwa mwaka mmoja. Baba anakitaja kile kiwanja cha familia, kwamba kiuzwe. Mama anauliza: akirudi atapata kazi? Swali la mama ndilo la msingi, na msimamo wangu nautoa mapema. Shahada hii ina faida kubwa kwa mtu ambaye tayari anafanya biashara au kazi inayovuka mipaka. Anayetoka moja kwa moja shahada ya kwanza, tena kwa fedha za kiwanja, asubiri.

Wanaoipinga kabisa wana hoja nzito, na mahali pao pa kuanzia ni Kariakoo. Pale wamejaa watu wanaoagiza mzigo Guangzhou na Yiwu bila kuwahi kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara. Wanajua kiwanda kipi kinapunguza ubora oda ya pili, wakala gani mwaminifu, na mzigo utoke China mwezi gani ili uwahi sikukuu au shule kufunguliwa. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14, na leo kampuni yake ina shughuli Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji. Mwaka 1977 wasomi wawili wa Sweden, Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne, walichapisha nadharia ambayo hadi leo wanafunzi wa fani hii huulizwa kwenye mitihani, maarufu kama nadharia ya Uppsala: kampuni huanzia nchi za karibu inazozielewa, hujifunza huko, ndipo husogea mbali. Wafanyabiashara wetu wameipita njia hiyo hiyo bila kusoma ukurasa wake hata mmoja.

Naiheshimu hoja hiyo, ila ina upungufu. Inawahesabu waliofanikiwa na kuwasahau waliofilisikia bandarini. Tena ujuzi wa Kariakoo hautangazwi gazetini. Mjomba humfundisha mpwa, kaka humwachia mdogo wake duka. Mtoto wa mwalimu wa Singida ambaye ukoo mzima hauna mfanyabiashara, ataupata wapi? Kwake darasa ni mojawapo ya milango michache iliyo wazi.

Chukua karatasi moja tu, proforma invoisi, yaani ankara ya awali ya muuzaji. Muuzaji wa China ameandika bei mbili: FOB Ningbo, yaani bei ya mzigo ukishapakiwa melini bandari ya Ningbo, na nyingine kubwa kidogo, CIF Dar es Salaam, yaani bei pamoja na bima na nauli hadi Dar. Mnunuzi mgeni anachagua ya pili akiamini muuzaji ataubeba mzigo na hatari zake zote mpaka Dar. Sivyo. Kwa masharti ya Incoterms ya 2020, kanuni za kimataifa zinazogawa gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi, katika CIF muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari ya kufikia, lakini hatari inahamia kwa mnunuzi mara mzigo unapopakiwa melini kule kule China. Na bima anayowajibika kuikata ni ya kiwango cha chini kabisa, ile ya kundi C, ambayo hailipi wizi wala maji ya bahari yakiingia kwenye kontena. Mtu anafungua kontena lake, anakuta vitambaa vimeoza, anampigia muuzaji simu akidai fidia, na kisheria hana madai. Somo hilo darasani linachukua mchana mmoja. Sokoni linaweza kuchukua mtaji wote.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na nyumbani. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Watu wengi waliliona jambo lile kama ugomvi wa kisiasa, na siasa haikukosekana. Lakini tangu siku masharti yalipotoka, mwenye nafasi ya kuvuka ni yule anayejua cheti kinatolewa na maabara ipi, na jinsi viwango vya afya vinavyotumika kufunga na kufungua masoko. Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo biashara chini yake ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2021, limezidisha mambo ya namna hiyo. Nafuu ya ushuru haiji kwa sababu bidhaa imetoka Afrika. Inakuja pale unapothibitisha kwa karatasi, kwa kanuni za uasili wa bidhaa, kwamba imetoka Afrika.

Kwa hiyo maarifa yenyewe yana kazi. Linalobaki ni nani anayalipia, kiasi gani, na atayapeleka wapi.

Mohammed Dewji alisoma biashara ya kimataifa na fedha Georgetown, Marekani, kwa shahada ya kwanza, kisha akarudi kuikuza kampuni ya familia. Wengi humtaja kama ushahidi kwamba fani hii inatajirisha. Mimi namwona kama ushahidi wa jambo jingine: alikuwa na mahali pa kuyapeleka aliyojifunza. Aliyesoma mambo ya hatari ya sarafu kupanda na kushuka kisha akaenda kukaa kwenye idara ya fedha ya kampuni inayolipwa kwa dola, anayatumia Jumatatu asubuhi. Aliyeyasoma akarudi nyumbani kusubiri tangazo la ajira, miaka miwili baadaye amebaki na cheti. Hapa pana jambo linaloniuma, kwa sababu maana yake ni kwamba mtoto wa Singida, anayeuhitaji zaidi mlango huu, ndiye aliye katika hatari kubwa ya kuvuka na kukuta hakuna kiti upande wa pili. Ndiyo maana nasisitiza kazi kwanza, hata kazi ndogo: karani kwa wakala wa forodha, ofisa wa barua za dhamana benki, msaidizi kwenye kampuni inayopeleka parachichi nje. Miaka miwili au mitatu ya namna hiyo inampa kile ambacho ukoo haukuweza kumpa.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, nao unataka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, na humtaka arudi kwao kwa miaka miwili baada ya masomo. Anayelipa kwa fedha yake mwenyewe hawekewi sharti hilo la uzoefu. Chuo kinachopokea ada kamili ya mwanafunzi wa kigeni hakina sababu kubwa ya kumwambia arudi baadaye.

Na gharama za Uingereza si ada peke yake. Kuna mchango wa afya wa pauni 776 kwa mwaka, unaolipwa wakati wa kuomba viza. Kuna fedha za kujikimu, ambazo lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa haruhusiwi kwenda na mke, mume wala watoto, jambo zito kwa mtu wa miaka thelathini na kitu. Halafu kuna ile hesabu ambayo familia nyingi huifanya kimoyomoyo: atasoma mwaka mmoja, atafanya kazi kule miaka miwili, kiwanja kitarudi. Ruhusa hiyo ya kubaki inapungua kuwa miezi 18 kwa watakaoiomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Kubaki zaidi ya hapo kunataka mwajiri wa kukudhamini, na tangu Julai 2025 kiwango cha kawaida cha mshahara kwa viza hiyo ni pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa kwa wanaoanza kipo chini kidogo. Wapo wanaofanikiwa. Kuuza ardhi kwa kutegemea hilo sikubaliani nako hata kidogo.

Upande wa kusoma nyumbani una faida ambayo haitajwi vya kutosha: unaweza kusoma bila kuacha kazi. Pale Dar es Salaam, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kimeendesha uzamili wa biashara ya kimataifa kwa kushirikiana na Taasisi ya Biashara ya Nje ya India. Kwa anayelenga forodha hasa, kuna cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo, kinachotolewa Chuo cha Kodi, na nadhani kwa watu wengi wanaowaza uzamili hicho kingewatosha kwa sasa.

Lakini nisivipambe vyuo vya nyumbani. Kongo na Zambia ndizo wateja wakubwa wa mizigo inayopita bandari ya Dar es Salaam kwenda nje. Mtanzania akifika Lubumbashi, mji wa kusini mwa Kongo, atapatana bei kwa Kiswahili bila shida yoyote. Ikija karatasi ya forodha, ni Kifaransa. Ukija mkataba, sheria si ile tuliyorithi kwa Waingereza. Kongo ilijiunga na OHADA mwaka 2012, mfumo wa sheria za biashara unaotumiwa na nchi 17, nyingi zikiwa za Afrika Magharibi na ya Kati. Kampuni unayoifungua pale, dhamana unayoiweka, namna ya kumdai asiyelipa, vyote vinafuata vitabu hivyo. CRDB imefungua benki Lubumbashi mwaka 2023, na malori yetu yako Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kila siku. Mtaala unaompa mwanafunzi wa Dar majuma mengi ya kampuni za Marekani na usimguse OHADA hata kwa siku moja, unamwandaa kwa soko la wengine.

Hivyo kabla ya kulipa, hapa au Uingereza, ningemtaka mwombaji akiombe chuo orodha ya masomo na mada za tasnifu za miaka ya karibuni, aone kama kuna hata moja inayohusu mpaka anaotaka kuufanyia kazi. Kama anailenga Kongo, ada ya muhula mmoja ikatwe kipande iende kwenye Kifaransa. Na kile kiwanja kibaki. Benki itakihitaji kama dhamana siku atakapoagiza kontena lake la kwanza.