Mti wa Mjini Unahitaji Mtu Mwenye Daftari

Kulikuwa na mti mkubwa wa barabarani ambao niliupita karibu kila asubuhi kwa miaka mingi. Siku moja nikakuta vijana wawili wanachimba mtaro wa bomba la maji kando yake, hatua mbili tu kutoka kwenye shina. Mtaro ulikuwa umenyooka vizuri, kina cha kiunoni. Upande wa mti, mizizi ilikuwa imetokeza ukutani mwa mtaro ikiwa imekatwa kwa shoka: mmoja mnene kama paja langu, mitatu au minne ya unene wa mkono, na mingi myembamba iliyoning'inia kama nyuzi za mkeka uliochanika. Pale ilipokatwa ilikuwa myeupe, bado inatoa maji. Niliwauliza kama kuna mtu aliyewaambia lolote kuhusu mti. Yule mkubwa akanijibu kwa upole kabisa: "Mti hatujaugusa, mama. Sisi tumechimba chini tu."

Hakuwa anadanganya. Alisema alivyoona. Mtaro ulifukiwa jioni ileile, na aliyepita kesho yake asingejua kama pametendeka jambo. Msimu uliofuata majani ya juu yalitoka madogo. Msimu wa pili kilele kilikuwa vijiti vitupu. Wa tatu ulikuja upepo wa kawaida, wala haukuwa dhoruba, ukaulaza mti barabarani. Kitako chake kikawa wazi kwa kila mtu: upande mmoja mizizi, upande wa mtaro hakuna kitu. Watu wakasema mti ulikuwa umezeeka.

Nimeufikiria mti ule mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na kila mara naishia palepale. Mji mdogo haupotezi miti yake kwa sababu wakazi wanaichukia. Unaipoteza kwa sababu hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuwa pale asubuhi ile, na ambaye akisema "simamisheni", kazi inasimama.

Kosa la wale vijana ni kosa la karibu kila mtu. Tunadhani mizizi ni kama mti mwingine uliopinduliwa, umezama chini moja kwa moja. Kumbe sehemu kubwa ya mizizi hukaa juujuu, ndani ya sentimita 60 hivi za mwanzo, kwa kuwa huko ndiko kuna hewa, na hutambaa hadi mbali kupita ncha za matawi. Mizizi minene ya karibu na shina ndiyo inayoushikilia mti usianguke. Ile myembamba ya mbali ndiyo inayounywesha. Mtaro mmoja ukipita karibu unaondoa mizizi ya aina zote mbili, na mti haufi siku hiyo. Unaishi kwa akiba yake, mwaka, miaka miwili, wakati mwingine zaidi, na ukija kufa hakuna anayekumbuka mtaro.

Dawa yake si ngumu. Waingereza wana kiwango cha kitaifa cha kazi za ujenzi karibu na miti, BS 5837, na hesabu yake mtoto wa shule anaiweza: pima kipenyo cha shina kwenye urefu wa mita 1.5 kutoka ardhini, zidisha mara 12, na hapo umepata umbali wa kulindwa kila upande. Shina la sentimita 50 linataka mita 6. Ndani ya duara hilo hakuegeshwi lori, hakurundikwi kokoto, hakuchimbwi kwa mashine. Bomba likilazimika kupita, watu wachimbe kwa mkono na kulipenyeza chini ya mizizi minene bila kuikata. Kazi hiyo inaongeza siku moja au mbili. Mti wa unene ule unachukua miaka 40 au 50 kuurudisha, na wanaousubiri wanakaa juani.

Husemwa kwamba haya ni mambo ya majiji makubwa yenye idara nzima ya miti, mainjinia na bajeti. Mimi naona kinyume. Mji mdogo una kitu ambacho jiji kubwa lilishakipoteza: miti yake inahesabika. Mtu mmoja mwenye daftari, futi ya fundi na viatu vizuri anaweza kuipitia yote kwa miguu katika miezi michache. Aandike ulipo kila mti, ni wa aina gani, unene wake, kama kuna matawi makavu, kama shina lina ufa, kama kuvu inaota kwenye kitako. Uyoga mgumu kama rafu unaoota chini ya shina ni habari nzito sana, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba kuoza kumeshafika ndani. Wanaotaka kwenda mbele wana programu ya i-Tree, ambayo Idara ya Misitu ya Marekani na washirika wake wanaitoa bure tangu 2006. Ukiingiza vipimo vya miti yako, inakukadiria miti hiyo inazuia maji ya mvua kiasi gani na inasafisha hewa kiasi gani. Inafaa sana siku ya kwenda mbele ya madiwani kuomba fedha. Lakini daftari la karatasi linatosha kuanzia.

Mtu huyo lazima awe na sahihi yake kwenye kibali. Kila anayetaka kuchimba mtaro, kupanua barabara au kufungua geti jipya mbele ya mti, karatasi yake ipite kwanza mezani kwa mtu wa miti. Isipopita, daftari litabaki kuwa kumbukumbu ya miti iliyokufa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote: kukata miti vichwa. Mnaijua hali hiyo. Mti umestawi, matawi yamekaribia nyaya au yanaangusha majani mapaani, anaitwa fundi mwenye chenso, na jioni limebaki shina na visiki vya mikono. Aliyeagiza anaridhika, anaona kazi imefanyika. Baada ya miezi michache visiki vinaota machipukizi mengi, marefu, yamesongamana, na watu wanasema "umeona, umechangamka". Haujachangamka. Mti unahangaika kurudisha majani kwa sababu majani ndiyo jiko lake. Machipukizi hayo yameshikwa juujuu kwenye gome, hayakuota kutoka moyoni mwa tawi, na chini yake kisiki kinaoza taratibu. Miaka michache baadaye yamekuwa mazito na yamekaa juu ya uozo. Mti uliokatwa kichwa ili uwe salama unakuwa hatari kuliko ulivyokuwa.

Aliyetufumbua macho hapa ni Mmarekani Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya nchi yake. Alikuwa akipasua mashina kwa urefu kwa chenso, maelfu ya mashina, ili aone kidonda cha zamani kimefanya nini ndani. Alionyesha, hasa kwa maandishi yake ya miaka ya 1970, kwamba mti hauponi kama sisi. Ngozi yetu ikikatwa, nyama huzaliwa upya palepale. Mti hauwezi. Unachofanya ni kujenga kuta ndani yake kukizunguka kidonda, kukifungia humo, kisha kuota mbao mpya kwa nje. Kidonda kinabaki ndani maisha yake yote.

Ukilielewa hilo, unaelewa kwa nini pa kukatia panahusu sana. Angalia tawi pale linapoungana na shina: kuna uvimbe kidogo, kama kola ya shati. Ndani ya uvimbe huo mti umeweka ulinzi wake. Ukikata nje kidogo ya kola, mti unafunga kidonda kwa duara safi. Ukikata na kola yenyewe ili paonekane laini, umebomoa ukuta. Ukiacha kisiki kirefu, umeacha mlango wa kuvu. Tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza mkato mfupi kwa chini, hatua kidogo kutoka kwenye shina, pili kwa juu, mbele kidogo ya ule, tawi lianguke bila kuchuna gome, tatu ndipo unaondoa kisiki kwa utulivu kwenye kola. Na rangi au lami juu ya kidonda haisaidii. Nimewaona mafundi wanaoipaka kwa nia njema kabisa, na nawaomba waache.

Fundi anayejua haya anafundishika kwa siku chache. Mji usimpe kazi asiyeyajua, hata kama bei yake ni ndogo.

Kuhusu aina za miti nitasema kwa ufupi, maana hadithi yake inajieleza. Miji mingi ya Marekani ilipanda miti ya elm pande zote mbili za barabara, mtaa baada ya mtaa. Kuanzia miaka ya 1930 ugonjwa wa kuvu ukaimaliza. Mahali pengi pengo likazibwa kwa mti mmoja tena, ash. Mwaka 2002 akagunduliwa Michigan mdudu wa kijani kutoka Asia anayekula chini ya gome la ash, na tangu hapo ameua mamilioni kwa mamilioni. Mitaa ileile ikabaki wazi mara ya pili. Frank Santamour, mtaalamu wa jenetiki ya miti, alikuwa ameshapendekeza mwaka 1990 kwamba mji usiwe na zaidi ya asilimia 10 ya aina moja, 20 ya jenasi moja, yaani kundi la aina zilizo ndugu, na 30 ya familia moja, kundi kubwa zaidi la jenasi zilizo ndugu. Daftari ndilo linalokuonyesha umefika wapi. Bila hilo utaendelea kupanda kile kilichojaa kwenye kitalu.

Sheria ndogo na faini ni muhimu, ila mji unaweza kujifunga mikono kwa sahihi yake wenyewe. Sheffield, Uingereza, ilitia saini mwaka 2012 mkataba wa miaka 25 wa kutengeneza barabara, na ndani yake mlikuwa na hesabu ya kuondoa na kupanda upya miti 17,500 kati ya 36,000 hivi ya mitaani. Ilipokatwa zaidi ya 5,000, wakazi walishasimama chini ya miti wakikamatwa na polisi, na ukataji ukasitishwa mwaka 2018. Uchunguzi huru ulitoa ripoti mwaka 2023 na halmashauri ikaomba radhi. Ninachokitoa hapo ni kwamba mtu wa miti asome mkataba wa barabara kabla haujasainiwa, si siku chenso zinapofika.

Na kupanda? Kupanda ndiyo sehemu rahisi, ndiyo maana tunaipenda. Siku ya kupanda ina hotuba na picha. Kinachoamua kama mche utaishi ni miaka miwili mitatu inayofuata, na siku hizo hazina hotuba. Umezikwa mno, hadi pale shina linapotanuka kuwa mizizi hapaonekani? Utadhoofika. Matandazo yamelundikwa shinani kama kichuguu? Gome litaoza. Yatandazwe mapana, unene wa sentimita 5 hadi 10, mbali kidogo na shina. Matawi mawili yanashindana kuwa kilele? Liondoe moja sasa, kwa mkasi wa mkononi, lingali unene wa kidole. Samaki mkunje angali mbichi. Miaka 20 baadaye kazi hiyohiyo inataka ngazi, chenso na kufunga barabara.

Mwaka jana nilikuta mche wa barabarani uliokuwa umefungwa kwa waya kwenye kigingi tangu siku ulipopandwa. Kigingi kilishaoza na kuanguka. Waya ulikuwa bado upo, umeingia ndani ya gome, juu yake shina limevimba na chini limebaki jembamba. Nilirudi na koleo nikaukata. Upande mmoja ulikuwa umemezwa kabisa, nikauacha. Kisha nikaupima mche, unene sentimita 7, nikaandika kwenye daftari la shule lililokuwa mkobani.

Tangu hapo nimeendelea. Sina mamlaka yoyote, lakini mtaa wangu sasa uko kwenye karatasi: miti 37, mmoja mmoja, na nakala nimeipeleka ofisini. Nambari 12 ni pale palipokuwa na mti wa mtaro. Mbele yake nimeandika: nafasi wazi, upana mita 3, juu hakuna nyaya, bomba la maji upande wa barabara, kina cha kiunoni.