Nani amjibu daktari wa Kakonko saa nane usiku?

Wanaotaka madaktari waache kuulizana na kujifunza tiba kwenye makundi ya WhatsApp na mtandao wa X wana hoja, na nzito kuliko zote ni ya mwaka 2020. Haidroksiklorokwini ilisifiwa mitandaoni kuwa tiba ya Uviko-19, na madaktari wa nchi nyingi wakaanza kuwaandikia wagonjwa. Juni mwaka huohuo jaribio la dawa la RECOVERY la Uingereza likaonyesha kwamba haipunguzi vifo vya waliolazwa. Ongeza picha za eksirei zinazorushwa kundini zikiwa na jina la mgonjwa, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022.

Hoja hiyo, hata hivyo, hudhani kwamba daktari akizima simu atabakiwa na kitu bora zaidi. Kwa aliye jirani na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, huenda. Aliye mkoani Kigoma, huko Kakonko, Buhigwe au Kalya kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, akienda kongamano Dar es Salaam, kituo kinaweza kubaki bila mpasuaji. Mwaka 2006 ulianza Kigoma mradi uliofadhiliwa na taasisi ya hisani ya Bloomberg ya Marekani, ambao uliwaandaa madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wa uzazi kwenye vituo vya afya. Ulikuwa uamuzi mzuri sana, ulimsogezea mama huduma. Lakini uamuzi mgumu nao ukahamia mbali na bingwa, ambaye mara nyingi yuko hospitali ya rufaa ya Maweni, mjini Kigoma, au mbali zaidi.

Chukua suala la mama kuvuja damu baada ya kujifungua. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Mama hutandikiwa shuka la plastiki lenye mfuko wa kupimia damu. Kipimo kikifika kiwango cha hatari, hatua zote huchukuliwa kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu kuvuja), dripu, kuchunguza damu inatoka wapi. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60.

Takwimu inayonikosesha raha ni nyingine. Hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida ziligundua takribani nusu tu ya akina mama waliovuja damu kupita kiasi. Zenye shuka ziligundua asilimia 93. Nusu! Na hapo tunazungumzia hospitali, zenye wakunga waliosomea kazi. Dawa zenyewe zilikuwa zinajulikana kitambo. Wengi walikosa matibabu kwa sababu damu ilikadiriwa kwa macho, na macho yalidanganya.

Inakadiriwa kwamba matokeo ya utafiti huchukua wastani wa miaka 17 kuingia katika matibabu ya kila siku. Video ya dakika tatu inayoonyesha namna ya kutandika shuka hilo inaweza kufika Kibondo usiku uleule. Haileti shuka, ni kweli, lakini inamfanya daktari ajue la kuomba.

Hata ile Juni 2020, simu zilezile zilileta habari ya deksamethasoni, dawa ya bei ndogo, iliyopunguza kwa theluthi moja vifo vya waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Njia ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa nani anasema, na ana ushahidi gani.

Kwa hiyo makundi haya ya simu yapewe mwenyewe. Hospitali ya rufaa iteue bingwa wa zamu wa kujibu. Picha isiwe na sura wala jina. Dozi isitajwe bila mwongozo wa matibabu wa Wizara. Na saa za majadiliano zihesabiwe katika alama za mafunzo endelevu anazohitaji daktari kuhuisha leseni. La sivyo bingwa anajibu kwa hisani, kwa bando lake, na siku akihamishiwa Mwanza kundi linabaki na watu wanaoulizana swali ambalo hakuna hata mmoja wao anayelijua jibu.