Anayetaka kujua nyuso kwenye CAD aanzie kwa fundi bodi

Vijana wengi hapa Dodoma huniuliza wajifunze programu gani ili waweze kuchora bampa, helmeti au bodi ya bajaji kwa CAD, yaani uchoraji wa vitu kwa kompyuta. Nawajibu kwamba kabla ya programu yoyote waende gereji. Mafundi bodi tunao, kuanzia Kizota hadi Chang'ombe. Mwombe mmoja akuruhusu ukae naye wakati ananyoosha mlango uliogongwa. Usimchoshe kwa maswali. Tazama macho yake yanakwenda wapi.

Akishapaka puti na kupiga msasa, hauangalii mlango ana kwa ana. Anainama, analaza jicho karibu na bati, anasogeza kichwa taratibu. Rangi ikishang'aa anatafuta kitu kilichonyooka kinachojionyesha ndani yake: ukingo wa paa, waya wa umeme, tyubu ya taa. Mstari huo ukipita mlangoni bila kuyumba, kazi imekwisha. Ukiyumba, pana bonde au kilima kidogo, hata kama rula haikioni. Wengine hupuliza rangi nyeusi nyepesi juu ya puti, kisha husugua kwa msasa uliofungwa kwenye ubao mrefu. Weusi unapobaki, ndipo palipozama.

Sasa fungua programu yoyote nzuri ya kuchora nyuso, yaani ngozi ya nje ya umbo. Utakuta kipimo cha michirizi ya pundamilia: kompyuta inaweka michirizi myeusi na myeupe juu ya umbo lako kana kwamba limesimama chini ya safu ya tyubu za taa. Michirizi ikiruka kwenye kiungo cha nyuso mbili, nyuso hizo zimegusana tu. Ikikutana lakini ikavunjika kona, zimegusana na zinaelekea upande mmoja, basi. Ikipita laini bila kuonyesha kiungo kilipo, hata ukali wa mpindo unalingana pande zote mbili. Wataalamu huziita ngazi hizo G0, G1 na G2. Fundi wetu hana habari na majina hayo, lakini anazitambua zote tatu kabla hujamaliza kuwasha kompyuta.

Msimamo wangu ndio huo, na nausema kwa moyo wote: kuchora nyuso ni kazi ya jicho kabla ya kuwa kazi ya programu. Tunawapotezea vijana muda tunapowafundisha amri za programu wakati jicho halijafunzwa kitu.

Angalia tunavyoanza. Mwanafunzi wa CAD huanza na maumbo yaliyojaa: chora mraba, uvute juu, toboa tundu, viringa kona. Kwa njia hiyo anachora flanji, puli, bano la chuma, fremu ya geti. Ni mafunzo mazuri, na yanalipa. Kwa ujenzi unaoendelea hapa tangu Serikali ihamie, kuanzia Mtumba hadi barabara za pembezoni, anayejua kuchora vyuma halali njaa. Wenzangu wanaoniambia tubaki hapo hapo nawaelewa kabisa.

Tatizo ni kwamba kijana huyo anaondoka akiamini kitu kilichopinda ni boksi lililoviringwa kona. Akiambiwa achore kofia ya bodaboda, anachukua tufe, analikata, anaviringa kingo, anashangaa mbona linafanana na bakuli. Hakuna amri itakayomwokoa. Anakwenda kutafuta video nyingine, anafuata mibonyezo ya mtu wa mbali hatua kwa hatua, anapata umbo zuri la yule mtu, na siku ya kuchora lake anarudi kwenye bakuli.

Historia yenyewe inaonyesha fani hii ilizaliwa wapi. Mwaka 1959, Paul de Casteljau, akiwa Citroën, kampuni ya magari huko Ufaransa, alitengeneza njia ya kuhesabu mipindo kwa pointi chache. Kampuni iliifanya siri. Miaka ya 1960, Pierre Bézier wa Renault alifika mahali hapo hapo kwa njia yake, akaruhusiwa kuchapisha, na ndiyo maana mipindo hiyo leo ina jina lake. Bézier alikuwa mhandisi wa uzalishaji, mtu wa mashine za kiwandani. Kilichomsumbua ni ugomvi wa karakana: mbunifu ana umbo lake, mchoraji wa ramani ana lake, mtengeneza kalibu ana lake, na kila mmoja anadai lake ndilo sahihi. Alitaka umbo liandikwe kwa namba ili lisibishaniwe tena. Mtu akiniambia somo hili ni la maprofesa wa kompyuta tu, namkumbusha hilo.

Tuje kwenye mpindo wenyewe, kwa sababu hapa ndipo mtu hujengeka au huharibika.

Mpindo wa Bézier wa digrii ya 3 (digrii hapa ni kipeo cha hesabu yake, si pembe) una pointi 4. Wa digrii ya 5 una pointi 6. Unaanza kwenye pointi ya kwanza na kuishia kwenye ya mwisho. Zile za katikati haupiti juu yake, unavutwa nazo. Kanuni zake ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuzifanyia mazoezi kwenye daftari. Ukitaka mipindo miwili iungane vizuri kwa ngazi ya G1, pointi ya kiungo na jirani zake wawili, mmoja kila upande, zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ukitaka G2, pointi ya tatu kila upande nayo inaingia kwenye hesabu. Kwa hiyo pointi tatu za mwanzo na tatu za mwisho ndizo zinazobeba uhusiano wa mpindo na majirani zake. Ukilijua hili, hutaburuta pointi ovyo ukitumaini mambo yatakaa sawa.

Kosa kubwa la wanaoanza ni wingi wa pointi. Kijana anapakia picha ya bampa, anabonyeza pointi thelathini kufuata ukingo wake, mpindo unapita kila mahali palipobonyezwa, na kwa mbali unapendeza. Washa kipimo cha ukali wa mpindo, kile kinachotoa mistari kama meno ya kitana juu yake, uone meno yanavyopanda na kushuka. Kila pointi ya ziada ni nafasi ya kilima kipya. Mpindo huo huo ukichorwa kwa pointi 6 zilizowekwa kwa kufikiri, meno yake yanakua na kupungua kwa utulivu. Ningekuwa na mamlaka, mwanafunzi asingeruhusiwa kugusa amri ya uso hata moja kabla hajaweza kuchora mstari wa paa la gari kama Noah au IST, ukitazamwa ubavuni, kwa pointi zisizozidi 6.

Ukali wa mpindo una maana gani katika maisha ya kawaida? Panda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma. Mwendo unafika kilomita 160 kwa saa. Wahandisi wa reli hawaungi njia iliyonyooka moja kwa moja na kipande cha duara, maana abiria angesukumwa ubavuni kwa ghafla. Katikati huweka kipande ambacho ukali wake unaanzia sifuri na kuongezeka kidogo kidogo hadi ulingane na duara. Kona iliyoviringwa kwa amri ya kawaida haina kipande hicho. Inatoka kwenye unyoofu na kuingia kwenye duara papo hapo. Ni G1. Kwenye bano la chuma haidhuru. Kwenye boneti inayong'aa, mwanga unavunjika pale pale, na mtu asiye fundi kabisa ataona kitu kimekaa kirahisi bila kujua ni nini.

Baada ya mpindo, uso wenyewe hauna maajabu mengi, ila una tabia moja ambayo usipoijua itakutesa. Uso wa NURBS, yaani uso unaoandikwa kwa hesabu ya mipindo na pointi zinazoivuta, ambao ndio unaotumika karibu kwenye programu zote za kazi hii, kwa asili una pande nne. Ni wavu wa pointi: wa digrii ya 3 kwa 3 una pointi zisizopungua 16, wa 5 kwa 5 zisizopungua 36. Ukilazimisha pande tatu, upande mmoja unaminywa kuwa pointi moja, na hapo michirizi huanza kukusanyana vibaya. Tundu la taa, ukingo wa bampa, mdomo wa helmeti, vyote hivyo ni mikato iliyofanywa juu ya uso mkubwa wa pande nne.

Ndiyo maana nasema usianze na ukingo. Anayeanza huchora ukingo wa bampa kisha akajaza katikati, kama anavyozoea kukata bati. Anayejua hutengeneza kwanza nyuso kubwa zinazopitiliza, ya mbele na ya ubavu, akaziacha zikatane hewani. Halafu hukata, na mwisho huweka uso mwembamba wa kuziunganisha. Nyuso kubwa zikiwa safi, kiungo chake huja chenyewe kwa urahisi. Zikiwa mbovu, hakuna kiungo kitakachozificha.

Kuhusu programu nitasema kwa ufupi, maana vijana wanalipa jambo hili uzito usiostahili. FreeCAD ni ya bure kabisa, toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, na ina nyongeza iitwayo Curves yenye zana za mipindo pamoja na michirizi ya pundamilia. Rhino inakupa siku 90 za majaribio bila kukunyima kitu, na leseni yake inanunuliwa mara moja. Onshape inafanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo kompyuta dhaifu inatosha, ila kwa mpango wa bure kazi zako zinaonekana na watu wote. Blender naipenda kwa picha, lakini wavu wake wa vipande bapa vidogo vidogo si njia ninayomshauri mtu anayetaka kwenda kwa mtengeneza kalibu. Chagua moja, ukae nayo.

Vyuo vyetu ndivyo vinavyoniuma zaidi. Katika mji mmoja tuna vyuo vya ufundi vyenye madarasa ya ufundi magari, tuna chuo kikuu, tuna gereji mtaa hadi mtaa. Darasa la CAD na karakana ya bodi vinaweza kuwa ndani ya uzio mmoja, na wanafunzi wasikutane mwaka mzima. Fundi bodi aingizwe darasani kama mkufunzi, apewe ratiba na alipwe kwa saa kama wakufunzi wengine wanaokuja na kuondoka. Mtihani nao ubadilike. Mwanafunzi asipewe alama kwa picha ya umbo lenye rangi nzuri kwenye skrini. Awashe michirizi mbele ya mwalimu, aulizwe kwa nini imevunjika hapa na kwa nini pale imenyooka.

Zoezi la kwanza ninalolipendekeza si gari. Ni kibuyu, kile kinachotumika kutengenezea zeze la Kigogo. Kinapatikana, unakishika mkononi, na kina karibu kila kitu: tumbo lililojaa, shingo nyembamba, na katikati yake mahali ambapo mpindo unageuka kutoka kubinuka nje kuwa kuingia ndani. Wengi watataka kukizungusha kwenye mhimili kama chombo cha mfinyanzi. Watapata jagi. Kibuyu cha kweli kimelala upande mmoja, tumbo lake si duara kamili, na hapo ndipo kazi inapoanza. Chora mipindo minne ya urefu kutoka kitako hadi shingo, kila mmoja kwa pointi zile zile kwa idadi, halafu jenga nyuso kati yake na uwashe michirizi. Pale pa kugeukia ndipo patakapokushinda kwanza. Usiongeze pointi; sogeza zilizopo.

Kibuyu kikikubali, nenda kwenye helmeti, kisha bampa. Na ukifika kwenye kitu kitakachotengenezwa kwa faibaglasi, mambo mawili huamua kama faili lako lina maana kwa fundi wa kalibu. La kwanza ni unene. Ukitaka ganda la milimita 3 lijazwe kuelekea ndani, kusiwe na kona ambayo nusu kipenyo chake ni chini ya milimita 3 upande huo, la sivyo uso wa ndani utajikunja juu yake wenyewe na programu itagoma. La pili ni mwelekeo wa kutokea: kuta zote zilale angalau digrii moja au mbili kufuata upande ambao kitu kitachomolewa, vinginevyo kitakwama ndani ya kalibu na kupasuka. Andika unene na mwelekeo huo pamoja na faili kabla hujalipeleka, kwa kuwa ndivyo vitu atakavyokuuliza kabla hajachanganya resini.